Lumba-lumba ya Mama Chanda

Lubumbashi, Jumamosi alasiri. Baridi ya mwezi wa saba, ile inayoingia kwenye magoti na kukataa kutoka.

Mikono yangu inanuka majani ya lumba-lumba. Nimeinawa kwa sabuni tangu niliporudi na harufu bado ipo, kali, kati ya karafuu na dawa ya meno. Nimekaa karibu na mbabula, jiko letu la makaa, moto unaanza kushika, simu iko mapajani, na sijui nianzie wapi. Wiki nzima sikuandika kitu hapa kwenye ukurasa wangu. Nilikuwa na hofu, na kwa umri wangu hofu ya namna hii inaniaibisha.

Nianze na Jumamosi iliyopita.

Nilisikia kanisani kwamba Mama Chanda yuko mjini. Nilidhani alikufa zamani. Alikuwa jirani yetu katika mtaa wa hapa mjini unaoitwa Kenya nilipokuwa mtoto, kabla Katanga haijajitenga na Kongo na mambo yetu yote hayajaharibika. Yeye ni mtu wa Kasenga, kule kwenye mto Luapula, na mume wake alikuwa akileta samaki mjini. Sisi ni watu wa Kasai, mkoa mwingine, baba alikuwa karani wa gari moshi. Mume alipofariki, Mama Chanda alirudi Kasenga. Sasa binti yake, huyo Chanda mwenyewe, amemleta hapa kwa sababu moyo wake umechoka. Daktari amemwambia binti asitarajie mengi.

Nilikwenda na mkate na maziwa ya unga, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa yeyote. Nilimkuta ameketi kitandani, amekuwa mdogo sana, lakini macho ni yaleyale. Nikajitambulisha: Ngalula, binti mkubwa wa jirani yake wa Kenya. Aliniangalia kwa muda mrefu na hakutabasamu.

"Wewe njo ule mutoto alikuwa anashikaka kikwembe ya mama yake."

"Njo mimi, mama."

"Mama yako iko?"

Nikamwambia mama alikufa, na miaka imepita. Akafumba macho. Nilifikiri anamwombea. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba wiki nzima.

"Mama yako hakuniambia hata aksanti."

Chanda akaruka kutoka kwenye kiti chake. "Mama, acha bintu bya zamani!" Lakini mzee hakuacha. Aliongea polepole, akipumzika kati ya maneno, na hakuniondolea macho.

"Juu ya lumba-lumba ya kutia mu samaki, kila siku ilikuwa aksanti, aksanti. Juu ya ile nilimupelekea mu kambi, balinipiga ku barrière, na yeye alikamata majani, akageuka, akaenda. Hata neno moya. Njo siku ile nilisema, kumbe ni kweli vile bantu banasemaka, bale ba Kasai habatupende. Nilirudia ku nyumba, nikangoa ule muti na mizizi yote."

Mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kukosa jibu, mimi ambaye wajukuu wananiita redio, niliinama, nikachukua mkoba wangu na kuaga. Maana nilikuwepo siku ile. Nilikuwa nimeshika kikwembe cha mama, kitenge alichojifunga, na niliona yote, na ninajua kwa nini mama hakusema.

Wakati wa sesesioni, huko kujitenga kwa Katanga, nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mambo makubwa ya watu wakubwa sikuyaelewa, niliona tu yaliyofika kwenye ua wetu. Watu waliacha kutusalimu. Mwalimu alianza kuyatamka majina yetu ya Kasai taratibu, darasa zima likigeuka kutuangalia. Siku moja vijana walipita wakirusha mawe juu ya mabati ya nyumba zetu, na nyumba ya pembeni ya barabara ikachomwa. Baba aliporudi kutoka kazini alisema tunakwenda kambini. Hatukuuliza kambi gani. Watu wa Kasai walikuwa wanamiminika wote kwenye uwanja nje ya mji, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za buluu.

Nisiipambe ile kambi. Ilikuwa ni vibanda vya majani, magunia na mabati ya kuokota, moshi na matope, na vilio vya watoto kutoka pande zote. Mama, ambaye nyumbani alifagia ua mpaka udongo ukang'aa, aliketi juu ya kigoda akaangalia tu.

Kaka yetu mdogo, Mukendi, alikuwa ameanza kutembea. Wakati baba anajenga kibanda, mtoto alijikata mguu kwa bati lenye kutu, chini kidogo ya goti. Kwanza halikuwa jambo kubwa. Baadaye kidonda kikavimba, kikawa kinatoa usaha, na harufu yake ikajaa kibandani. Mtoto akaacha kutembea, akaacha hata kulia kwa nguvu. Mama alikesha kwenye foleni ya wagonjwa, lakini watu walikuwa wengi na dawa kidogo. Alirudi na kitambaa safi tu na maneno ya huruma. Nilimsikia mama mmoja akisema mguu kama ule hukatwa.

Mama alijua anachotaka. Alitaka lumba-lumba.

Kule pwani nasikia wanaiita kivumbasi. Ni kichaka kinachofika kifuani, majani yana meno pembeni, ukiyagusa tu yanakuachia harufu. Sisi tunaitia kwenye samaki mkavu, na bukari, ugali wetu, inakwenda yenyewe. Lakini nyumba yetu haikuwa nayo. Kichaka kilikuwa kwa Mama Chanda, karibu na bomba lake la maji, na matawi yake yalikuwa yanapita kwenye ua wetu. Kila jioni mama alichuma kidogo na kupaza sauti juu ya ua: "Aksanti, Mama Chanda!" Naye alijibu kutoka jikoni bila kutoka: "Ya nini? Ni majani tu!" Ule ulikuwa wimbo wa mitaani kwetu, nilikua nikiusikia.

Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa anaingiza mihogo kambini kuuza. Mama akamtuma kwa Mama Chanda. Hatukutumaini. Mtu wa Katanga kuja kwenye kambi ya watu wa Kasai siku zile ilikuwa kujitafutia matatizo pande zote mbili: kwenye kizuizi cha barabarani wangemwita msaliti, na vijana wetu kambini wangemwita mpelelezi.

Alikuja. Alikuwa amembeba Chanda mgongoni, na kifungu cha lumba-lumba kimefungwa ndani ya kikwembe chake, tumboni. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimetoka na shavu moja limevimba. Alisimama pale ambapo askari hawakumruhusu kupita. Mama alikwenda mbio, nami nikiwa nimeng'ang'ania nguo yake.

Mama Chanda akatoa majani. Mama akayapokea kwa mikono miwili, akageuka, tukaondoka.

Mimi niligeuza shingo, nikamwona bado amesimama, mikono imebaki wazi mbele yake. Mama akanivuta. Nikamtazama usoni: alikuwa anauma midomo kwa nguvu, mpaka mdomo wa chini ulikuwa na damu kidogo, na machozi yanamwagika. Alikuwa anazuia neno lisimtoroke.

Kwa sababu nyumbani kwetu, majani ya dawa hayashukuriwi.

Bibi alimfundisha mama, na mama alitufundisha sisi. Ukipewa majani ya kupikia, shukuru kama mtu mwenye adabu. Ukipewa majani ya dawa, pokea kwa mikono miwili, geuka, ondoka bila neno na bila kuangalia nyuma. Ukishukuru umelipa, na ukilipa kwa mdomo dawa inabaki kwa mwenyewe, mgonjwa anarudi pale alipokuwa. Na si siku ile tu. Mgonjwa aliyepona akiwa bado hai, aliyempokelea dawa anafunga mdomo. Asije mtu wa Kasai kunibishia kwamba kwao hakuna hivyo. Huenda. Ninaandika ya nyumba yetu.

Shukrani yake iko kwenye kitu kingine: unatunza mti. Mama alichukua kijiti kimoja kutoka kile kifungu, akakipanda kwenye kopo la maziwa. Kikashika mizizi. Tuliposafirishwa kwa gari moshi kwenda Kasai, nchi ambayo mimi sikuwahi kuiona, mama alibeba Mukendi mkono mmoja na lile kopo mkono mwingine. Sufuria nilibeba mimi. Miaka baadaye tuliporudi Lubumbashi, lumba-lumba ilirudi nasi. Kichaka kilicho nyuma ya nyumba yangu leo ni mjukuu wa kichaka cha Mama Chanda. Mama alikuwa anakimwagilia kabla hajanywa chai. "Huyu mama alitupatia muguu," alikuwa anasema, akikionyesha kile kichaka kana kwamba ni mtu.

Na hakuwahi kufikiria, hata siku moja, kwamba mtu wa Kasenga anaweza kuwa hajui. Alidhani kila mama duniani anajua jambo hili. Alidhani Mama Chanda aliuona ule mgongo wake unaokwenda haraka na akaelewa: huyu amepokea kweli.

Hilo linaniumiza kuliko mawe juu ya mabati. Mawe yalitupwa na watu tusiowajua.

Sasa niseme ukweli mwingine. Nimekuwa nesi maisha yangu yote ya kazi. Ninaulizwa sana kuhusu lumba-lumba, na huwa najibu bila kupamba. Ndiyo, mafuta yake yana thimoli, kitu kilekile kinachotiwa katika dawa za kusukutua mdomo. Ndiyo, kwenye visahani vya maabara mafuta hayo yanazuia baadhi ya bakteria na fangasi kukua. Lakini kisahani si mguu wa mtoto. Chai yake kwa kikohozi na tumbo kujaa, sawa. Mvuke wake kwa pua iliyoziba, kwa mtu mzima, sawa. Kidonda kirefu chenye usaha na homa kinapelekwa hospitali, na bati lenye kutu linataka sindano ya pepopunda. Wamama wameniletea watoto wamechelewa kwa sababu ya imani yao kwenye majani, na nimewafokea, kisha nimelia nao.

Mukendi alipona vipi basi? Mama alichemsha yale majani mpaka maji yakawa na rangi ya chai, akaosha kidonda asubuhi na jioni. Alichemsha na vitambaa pia. Alikamua usaha, akatia chumvi, akabandika majani yaliyopondwa, akabadilisha kila mara. Huenda yalikuwa majani. Huenda yalikuwa maji yaliyochemka na mikono isiyochoka. Huenda mtoto alikuwa na bahati tu. Uvimbe ulishuka, harufu ikaondoka, na asubuhi moja akashika nguzo ya kibanda akasimama. Nimeyasoma mengi tangu siku hiyo na bado siwezi kugawanya: hiki ni cha jani, hiki ni cha moto, hiki ni cha mama.

Na huyu nesi, anayejua habari za thimoli, wiki nzima ameogopa kusema neno moja.

Maana Mukendi yu hai. Yuko Mbuji-Mayi, ana wajukuu, anaendesha baiskeli kwenda shambani. Mama alikufa amefunga mdomo kwa ajili ya mguu ule. Je, niende mimi niufungue? Nilijiambia huu ni upuuzi. Nilijiambia hivyo nikiwa naosha vyombo, nikiwa natembea, nikiwa kitandani. Upande wa pili, kuna mzee ambaye hana muda, na anakufa akiamini kwamba rafiki yake alimdharau kwa sababu ya kabila.

Jumatano nilimpigia Mukendi simu, nikamweleza yote. Alicheka sana, akaniita yaya, dada mkubwa, kama kawaida yake.

"Yaya, sema tu! Muguu ni ya kwangu, si ya kwako."

Nikamshukuru Mungu kwa kaka mwenye akili. Haikupita saa akapiga tena. Hakuwa anacheka.

"Yaya, utasema siku gani? Nijue kwanza. Siku ile nitabaki ku nyumba."

Leo asubuhi nilikata tawi zuri, nikalipanda kwenye kopo la maziwa, nikaenda.

Chanda alinifungulia akiwa na wasiwasi. Nadhani alifikiri nimekuja kugombana. Mama Chanda alikuwa amelala, mito mitatu mgongoni. Nikaketi kitandani kwake, jambo ambalo nesi hafanyi. Nikaweka kopo juu ya magoti yangu na nikamweleza. Nilimweleza desturi ya bibi. Nilimweleza jinsi mama alivyouma midomo, na ile damu. Nilimweleza gari moshi, na kopo, na jinsi mama alivyomwagilia kabla ya chai. Nilisema, mama, ule mti ulioung'oa haukufa, huu hapa.

Alisikiliza macho yamefungwa. Nilifikiri amelala.

"Ule mutoto iko?"

"Iko, mama. Iko Mbuji-Mayi. Ni mutu mukubwa, na bajukuu."

"Na muguu?"

"Inatembea, mama. Kulibakia alama tu. Anapandaka na velo mpaka ku shamba."

Akafungua macho. Akanyoosha mkono, akachuma jani moja, akalisaga kwa vidole na kulipeleka puani. Machozi yakamtoka bila sauti, yakafuata mikunjo ya mashavu mpaka shingoni, na hakuyafuta. Chanda naye alikuwa amesimama mlangoni, analia. Yeye alikuwa mgongoni siku ile na hakuwahi kujua sababu.

"Mama yako alikuwa analia?" mzee aliuliza.

"Alikuwa analia, mama. Njia yote."

"Mi niliona mugongo tu."

Nikaona saa imefika. Nilimwona Mukendi amekaa nyumbani Mbuji-Mayi, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, anangoja. Nikaomba mama anisamehe, huko aliko. Nikavuta pumzi.

"Mama Chanda," nilisema, "juu ya yale majani ya mu kambi..."

Kiganja chake kikaja mdomoni kwangu. Sikujua kwamba bado ana nguvu ile. Kilikuwa cha baridi na kilinuka lumba-lumba, na alikibana hapo mpaka nikahisi meno yangu.

"Nyamaza! Mutoto angali anatembea."

"Mama," Chanda akasema kutoka mlangoni, "si wewe mwenyewe ulikuwa unalingojea ile neno, miaka yote?"

"Nilikuwa ninalingojea. Sasa hapana, silitaki." Akanigeukia, kiganja bado kiko mdomoni. "Umesikia? Usiseme. Hata siku nitakufa, usikuje kusema ku kaburi."

Nikaitikia kwa kichwa. Ndipo akaniachia.

Nililia, basi. Nililia kama mjinga, kichwa changu juu ya blanketi lake, naye akanipigapiga mgongoni kama mtu anayetuliza mtoto wa jirani. Sijui nilimlilia nani. Mama, nadhani. Na miaka yote ile ambayo wanawake wawili walikaa, mmoja Kasai, mmoja Kasenga, kila mmoja na upande wake wa jambo moja.

Baadaye akamwambia Chanda aliweke kopo karibu na bomba, palipo na unyevu. Kisha akasema ana njaa. Chanda akashangaa, maana tangu juzi mama yake alikuwa anakataa chakula. Akapika samaki mkavu wa Kasenga, na mimi nikachuma majani mawili matatu kutoka kwenye lile tawi, tukayatia mwishoni, sufuria ikiwa inatoka motoni. Nyumba nzima ilinuka kama jioni za Kenya. Mama Chanda alikula bukari kidogo, ukubwa wa yai, akalamba mchuzi kwenye vidole.

Nilipomaliza sahani yangu niliangalia ukutani, nikapaza sauti kama mtu aliye upande wa pili wa ua.

"Aksanti ya samaki, Mama Chanda!"

Akaacha kutafuna. Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza nikaiona ile sura iliyokuwa inatujibu kutoka jikoni.

"Ya samaki tu?"

"Ya samaki tu, mama."

"Ya nini?" akasema. "Ni samaki tu."

Nimerudi nikiwa nimechoka sana. Kabla sijafungua mlango simu ililia, Mukendi, anataka kujua kama anaweza kusimama. Nikamwambia sikusema, na nikamwambia ni nani aliyenizuia. Nikasikia kigoda kikisukumwa, na hatua zake zikitembea juu ya sementi, zikienda, zikirudi.

Makaa yameshika sasa. Kesho baada ya misa nitarudi kwake kula samaki, na nitamshukuru kwa sauti, mpaka majirani wasikie.